Gauni Lililobana

Siku ya pili ya msiba, kaka Beno alinipa karatasi na kalamu. "Leticia, mwandiko wako unasomeka. Andika historia fupi ya marehemu, utaisoma kesho kanisani kabla ya kwenda makaburini."

Niliandika kama zinavyoandikwa zote. Dada yetu Mektilda alizaliwa Masasi, akabatizwa, akaja Dar es Salaam, akawa fundi cherehani Kariakoo. Alimpenda kila mtu, hakuwa na ugomvi na yeyote. Nusu saa ilitosha.

Nikaenda uani kumsomea Mwanne, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliuza vitenge baraza moja na dada, Mtaa wa Narung'ombe. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi za wali wa waombolezaji. Nilipomaliza, akauliza, "Huyo ni nani?"

"Si ndiye dada Mektilda, bi Mwanne?"

"Mektilda hana ugomvi na mtu? Basi kafungueni jeneza mwangalie vizuri, mmeletewa maiti ya watu."

Wanawake walicheka, kisha wakakumbuka tupo msibani, wakainama kwenye sufuria zao.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Dada alishona huku anahadithia, na wateja walileta hata suruali ya kupunguza inchi moja ili wakae wasikilize. Siku moja mteja alimwambia amechoshwa na hadithi za wake wenza na mawifi wanaotukanana, anataka ya watu wanaopendana. Dada akaanza: "Palikuwa na mume na mke. Walipendana. Wakala, wakalala." Akaendelea kukanyaga cherehani.

"Halafu?" mteja akauliza.

"Halafu nini? Wamelala. Chukua nguo yako, imekwisha."

Baraza zima lilimcheka yule mama. Dada akatoa bobini yenye uzi wa chini akamwonyesha. "Uzi wa juu peke yake unatoboa kitambaa tu, ukivuta unafumuka wote. Mpaka ukutane na wa chini, ukabane, huu uvute huku na ule uvute kule. Hapo ndipo mshono unashika. Na hadithi ndivyo ilivyo, mama. Ukitaka kumjua mtu, mtafutie wa kuvutana naye."

Wa kuvutana na dada nilikuwa mimi. Mama yetu alipofariki, mimi nilitaka tumpeleke Masasi, alale kando ya baba. Dada akasema Mama azikwe hapa hapa mjini, karibu na watakaomwombea. Akashinda. Nilirudi kwangu Buguruni na sikusema naye miaka minne. Kila Jumapili nilipokea Komunyo, na jina lake silitaji.

Nilimwambia kaka Beno kwamba nataka kuyaandika hayo. Akaninyang'anya karatasi. "Msiba si mahali pa kufukua mambo. Watu watasema nini?"

"Watasema ya kweli, kaka. Mimi siwezi kusimama mbele ya altare niseme hakuwa na ugomvi na mtu, wakati mtu mwenyewe ni mimi."

Akaondoka na karatasi. Asubuhi nilikuta karatasi ile ile juu ya Biblia yangu, hakuna kilichofutwa wala kuongezwa.

Kanisani nilisoma ya kuzaliwa na kubatizwa, watu wakijipepea. Nilipofika kwenye ugomvi niliiweka karatasi chini. "Mimi na marehemu tulinuniana miaka minne," nikasema. Mikono ikaacha kupepea. Nikageuka nirudi kukaa.

Kutoka benchi la nyuma kabisa, Mwanne na ushungi wake akaita, kama yuko barazani, "Ehe! Halafu?"

Ikabidi niseme. Mwaka wa nne, wiki ya Pasaka, dada alinitumia gauni la kitenge. Sikutaka hata kulijaribu, lakini rangi ilikuwa nzuri. Halikupita mabegani. Nikasema, kumbe hata mwili wangu ameusahau! Nilikwenda Kariakoo mbio, nimtupie gauni lake usoni. Nilimkuta anashona. Hata hakuinua kichwa.

"Lete nipanue. Nimeacha kitambaa ndani."

Nikaligeuza. Kila ubavu ulikuwa na inchi nne zimekunjwa.

"Ulifanya makusudi, dada?"

"Ningelishona likakutosha, ungelivaa huko huko Buguruni."

Nikakaa barazani kumsubiri alipanue. Ya Mama hatukukubaliana siku ile, na mimi mpaka leo nasema angelazwa Masasi. Lakini kuanzia hapo nilimtembelea kila wiki mpaka Mungu alipomwita.

Nilipotoka altareni, kaka Beno alikuwa anafuta macho. Akanisogezea nafasi kwenye benchi. Akaushika ukingo wa mkono wa gauni langu, lile lile la kitenge, akaugeuza taratibu, akaangalia mshono kwa ndani.