Chujio la Chumba cha Uyoga

Wifi yangu Saida hajui kushindwa kimyakimya. Akishindwa, Uyole nzima inajua. Akishinda, hata kwao Iringa habari zinafika kabla ya magharibi. Mimi nimeolewa na kaka yake, kwa hiyo nina haki yote ya kumsema. Leo nataka kumsema vizuri, jambo ambalo sisi mawifi hatulifanyi kila siku.

Alizaliwa Iringa, Mshindo, kwa watu wa biashara ambao babu zao walipanda kutoka pwani wakanogewa na baridi. Aliolewa Mbeya, ndoa ikavunjika, yeye akabaki. Kwa miaka mingi aliuza mchele sokoni Uyole, amekaa nyuma ya debe lake, domo lake likifanya nusu ya kazi. Magoti yalipoanza kumsumbua akaacha magunia, akaenda mafunzo ya kilimo cha uyoga, akarudi macho yanang'aa. Akapanga vyumba viwili vya uani kwa Bi Mwanakhamisi: kimoja cha kulala yeye, kimoja cha kulala uyoga. Na nakwambia, chumba kizuri alikipa uyoga.

Sasa, huyo Bi Mwanakhamisi ni muuza udi na manukato. Pua yake anaiheshimu kuliko macho yake. Na uyoga, jamani, una harufu. Unaota kwenye mifuko ya majani ya mpunga yaliyochemshwa, chumbani giza na unyevunyevu, na majani yale yakianza kuchacha yananuka kama godoro lililonyeshewa. Huwezi kufunga kila tundu ukakaa, maana uyoga ukikosa hewa safi unatoa shingo ndefu na kofia kama kifungo cha shati. Lazima feni iitoe hewa nje, na nje ni uani kwa Bi Mwanakhamisi.

Saida alikuwa amelimaliza tatizo hilo kwa chujio alilonunua kwa Iqbal, fundi wa mafriji pale Mwanjelwa. Ni mkebe mrefu wa bati wenye matundu, umejaa kaboni, yaani mkaa maalumu unaoshika harufu. Feni inasukuma hewa ya chumbani ndani ya mkebe, hewa inapenya kwenye kaboni, inatoka kupitia matundu haina kitu. Aliulaza upenuni, na msimu mzima tukala raha. Kisha mvua zikaja, kaboni ikashiba unyevu na harufu, ikachoka. Godoro likarudi uani.

Bi Mwanakhamisi alimwita Saida barazani. Mimi nilikuwepo.

"Saida mwanangu, Ijumaa tunamsomea hitma marehemu mume wangu. Wageni watakaa hapahapa uani. Harufu ile ikimfikia mgeni hata mmoja, Jumamosi unahama."

"Bi Mkubwa, mifuko ndiyo kwanza imeanza kutoa vichwa. Nikiihamisha sasa hivi, vyote vinakufa."

"Mume wangu naye amekufa," alisema Bi Mwanakhamisi, akaingia ndani.

Saida alilia siku ile, na mimi nilikasirika kwa niaba yake. Tulimpigia Iqbal. Akasema chujio likichoka linatupwa, linanunuliwa jipya, na yeye jipya hana. Saida akakata simu katikati ya sentensi ya mtu, kama kawaida yake, akauteremsha mkebe akaugeuzageuza. Mfuniko ulikuwa na skrubu.

"Kitu chenye skrubu hakitupwi," akasema. "Kinafunguliwa."

Ndani kulikuwa na wavu wa nje na wavu wa ndani, na katikati yake kaboni iliyochoka. Basi kilichotakiwa ni kaboni mpya. Mtu asiyejua angedhani ni mkaa wa jikoni, na mtu huyo alikuwa wifi yangu: alitwanga mkaa akajaza, akawasha feni, vumbi jeusi likatua juu ya shuka za Bi Mwanakhamisi zilizoanikwa kambani. Tulizifua mimi na yeye.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Yotamu, Mnyakyusa mmoja mpole anayefanya kazi kwenye mtambo wa dhahabu Makongolosi. Alikuja likizo, akasikia kisa chetu, akacheka.

"Mbona kaboni sisi ndiyo tunayokamatia dhahabu, dada? Ile inatengenezwa kwa vifuu vya nazi."

"Niletee hata iliyotumika, Yotamu!"

"Hapana mwe! Iliyotumika ina sumu, hata mkononi usiishike. Kule Makongolosi kuna duka linauza mpya. Nitamwambia mwenzangu aipakie kwenye gari."

Ilifika Jumatano, mfuko mzima wa punje nyeusi ngumu. Safari hii hatukukurupuka. Tuliianika juani, kisha tukachukua nyungo tukaipepeta kama mchele mpaka vumbi lote likaisha. Yotamu alituona weusi tii, meno tu, akatupiga picha. Saida akaujaza mkebe kwa mikono yake mwenyewe, punje zikafurika hadi mdomoni, akafunga skrubu, akaulaza upenuni, akawasha feni.

Godoro. Limepungua, lakini lipo.

Saida aliketi chini kwenye udongo. Akaanza kuhesabu kwa vidole mifuko atakayoipoteza. Nikapanda kwenye kigoda nikausogelea mkebe na pua yangu. Upande wa chini, hewa safi kabisa. Ubavuni, safi. Nilipopeleka pua upande wa juu, godoro likanipiga usoni.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira zikanipanda. Wauza mchele wana mkono wao. Wanaumimina taratibu, debe halitikiswi, mchele unakaa juujuu na kuacha hewa katikati. Ukitazama, debe limejaa pomoni, ukifika nyumbani umepunjwa. Saida amejaza madebe hivyo nusu ya maisha yake. Mkono wake haujui kujaza namna nyingine. Mkebe ulipolazwa, kaboni ilishuka, juu ikabaki nafasi, na harufu ikapita hapo.

"Wifi!" nilifoka. "Hili chujio umelijaza kama unaniuzia mchele!"

Alinitazama vibaya. Kisha akautazama mkebe. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Basi lijaze wewe mnunuzi," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unanisumbua sokoni."

Nikaufungua. Nikafanya nilichokuwa nikiwafanyia wauzaji wote wa Uyole: nikautikisa, nikaupigapiga mbavuni, nikaugonga chini, nikautikisa tena. Kaboni ikashuka kama imemezwa. Tukaongeza bakuli zima, nikagonga, tukaongeza tena, mpaka ikakataa hata punje moja. Tulipoulaza na kuwasha feni, tulizunguka mkebe kwa pua zetu kama paka wawili jikoni. Hakuna kitu. Hewa tupu ya Mbeya, baridi na safi.

Ijumaa uani kulijaa watu. Kisomo kikasomwa, pilau ikapakuliwa, feni ikivuma juu ya vichwa vyao. Bi Mwanakhamisi alikuwa amekaa chini ya upenu kabisa, nadhani kwa makusudi. Nilimwona anainua pua. Anaishusha. Anaiinua tena. Kisha akainuka, akaja jikoni tulipokuwa, na uso wake ulikuwa umenyong'onyea.

"Saida, umehama? Umehama bila hata kuniaga?"

Saida akafuta mikono kwenye kanga. Alimshika mkono akamfungulia mlango wa chumba cha uyoga. Mifuko yote ilikuwa imechanua, mashada meupe juu hadi chini. Bi Mwanakhamisi akaziba pua kwa ncha ya ushungi, maana mle ndani godoro lilikuwepo lote. Akatoka akanusa upenuni. Akarudi ndani akanusa. Akatoka tena.

Kisha akageuza macho kwenye mlango wa tatu wa uani, ule wa stoo ya marehemu, ambayo hajaifungua tangu amzike.

"Ile stoo ni kubwa kuliko chumba hiki," akasema taratibu. "Jumatatu tukatoe vitu vyake, mimi na wewe. Utie uyoga."

Hapo Saida akapiga kigelegele. Kwenye hitma! Wanaume wakageuka na matonge mikononi, nami nikaruka kumziba mdomo wifi yangu kabla hajatuaibisha mpaka kaburini. Bi Mwanakhamisi akaushika mkono wangu akauondoa.

"Mwache," akasema, machozi yanamtoka na kicheko pamoja. "Mume wangu alipenda kelele."