Mkojo wa Ndama wa Rhobi

Kiangazi cha mwaka 1955, pale Gorong'a, mjane mmoja mwenye hasira za karibu, Rhobi, alikuwa na ndama mmoja tu. Siku moja alipomfikisha mtoni akiwa na kiu kali, alimwacha anywe mpaka tumbo likawa kama ngoma. Haukupita muda, ndama akakojoa mkojo mwekundu. Majirani wakasema ni ugonjwa wa kupe, achinjwe kabla hajafa. Rhobi akawatimua kwa fimbo, akamwita Method, bwana mifugo.

"Amekunywa nini, mama?"

"Maji! Ulitaka nimpe chai?"

Method akacheka. Akamweleza kwamba damu ina chembe ndogo mno, kila moja imezungukwa na utando mwembamba unaochagua cha kupitisha: maji hupenya, chumvi huzuiwa. Maji yalipozidi kwenye damu, yaliifuata chumvi ndani ya chembe mpaka tando nyingine zikapasuka, wekundu ukamwagika na kutoka na mkojo.

"Mpe maji kidogo kidogo, umlambishe chumvi. Chembe zilizobaki nzima zinamtosha."

Kesho yake Rhobi alisimama nyuma ya ndama tangu asubuhi, kibuyu mkononi. Mkojo ulipotoka wa manjano, aliukinga kwa kibuyu, akapiga vigelegele, akaupeleka nyumba kwa nyumba, kwa wote waliokuwa wameshanoa visu.