Hadithi Inayosimama Ukiimba

Saa mbili kasorobo asubuhi simu ya kwanza inaita, na Dzigbordi Kpeglo ameshaipokea kabla mlio haujaisha.

"Ofisi hapa, habari za asubuhi. Unamtaka mhasibu? Hajaingia, baba. Anakunywa uji hapo nje, namsikia anacheka. Piga baada ya dakika kumi."

Anakata, na mkono uleule unarudi kwenye kompyuta iliyolazwa juu ya droo iliyovutwa nusu. Skrini imezimwa. Ya nini? Sikio lake la kushoto ni la ofisi. La kulia lina hedifoni, na ndani yake sauti ya mashine inasoma herufi na alama kwa kasi ya maharage yanayomiminwa kwenye karai. Mtu mwingine angesikia kelele tupu. Yeye anasikia mstari wa mia mbili na kumi na nne, ambako amesahau kufunga mabano.

"Ndiyo maana jana hadithi ilikuwa inakwama mlangoni kwa chifu," anasema, na kupokea simu nyingine.

Dzigbordi ana miaka thelathini na minane. Surua ilimchukulia macho akiwa na tisa. Huu ni mwaka wake wa kumi na nne akiwa opereta wa simu hapa mjini Ho, na ni wa mwisho. Ofisi imenunua mtambo unaopokea simu wenyewe na kumwambia mpigaji abonyeze moja, abonyeze mbili. Ijumaa hii anakabidhi kiti.

"Huo mtambo hautajua kwamba mhasibu anakunywa uji," anasema.

Mshahara wake ni cedi 1,900 kwa mwezi, na unawalisha yeye na mama yake. Kwa hiyo swali la miezi hii miwili limekuwa moja tu: je, kazi ya sikio la kulia itaweza kuwalisha baada ya kazi ya sikio la kushoto kufa?

Kazi hiyo ya sikio la kulia inaitwa Glimo, yaani njia ya hadithi. Ni programu ya kutengenezea vitabu vya mchezo. Kitabu cha mchezo ni hadithi ambayo anayeisoma ndiye anayeamua. Umefika mtoni: ukivuka, bonyeza moja, ukirudi nyumbani, bonyeza mbili. Kila uamuzi una njia yake, na baadhi ya njia zinaishia tumboni mwa mamba. Mwalimu yeyote anayejua kupiga chapa anaweza kuandika hadithi ndani ya Glimo, na asiyeona akaicheza kwa simu yake, sauti ikimsomea.

Ilianza kwa makosa ya rafiki. Elikem Dotse, mwalimu wa darasa la tano anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa kina Dzigbordi, alimwandikia hadithi ya kwanza miaka sita iliyopita, kwa programu aliyoipata mtandaoni. Aliipamba kwa picha ishirini.

"Niliisikiliza," Dzigbordi anakumbuka. "Sauti ikasema: picha. Picha. Picha. Nikamwambia, Efo Elikem, asante, umeniandikia hadithi ya ukuta."

Efo ni kaka, na kaka huyo hakukata tamaa. Alitoa picha, akaandika hadithi tatu mpya, akazipeleka karakana iliyo nyuma ya soko, ambako watu wasioona wanasuka viti vya henzirani. Huko kulikuwa na Kodzo Agbavor, msukaji wa miaka hamsini na miwili mwenye sauti ya kengele. Kwa miezi miwili Kodzo alizicheza na kuzimaliza zote tatu bila kufa hata mara moja.

Elikem alistaajabu. "Efo Kodzo, una akili gani wewe? Mamba hakukugusa, nyoka hakukugusa!"

"Akili wapi? Sauti inanisomea jina la ukurasa kabla sijabonyeza. 'Moja, vuka mto, kifo cha mamba.' Sasa nivuke nikatafute nini?"

Mwalimu alikuwa ameyapa majina mafaili yake ili yeye mwenyewe asipotee. Mwenye macho hayaoni majina yale. Sauti ya simu inayasoma yote.

"Na miezi miwili yote hukusema?"

"Maisha yangu yote watu wenye macho wananiona naelekea mtaroni kabla mimi sijajua," Kodzo alimjibu. "Nikaona safari hii niachwe na mimi nione mbele kidogo."

Dzigbordi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaanza kujenga. Kuandika programu alijifunza shule ya bweni, na baadaye kwa masomo ya kusikiliza, usiku na wikendi. Glimo huzipa kurasa namba zisizosema kitu badala ya majina. Haina saa inayomhesabia mchezaji. Na haihifadhi picha mpaka mwandishi aieleze kwa maneno.

"Huyu daavi ametengeneza mkaguzi wa shule," Elikem analalamika, akimwita dada kwa Kiewe chao. "Niliweka picha ya mbuzi. Ikanikatalia: mbuzi gani, yuko wapi, anafanya nini? Nikaandika, amelala. Basi nikajikuta namwonea huruma mbuzi, nikambadilishia hadithi nzima."

Mwaka huu habari zilifika Accra. Maktaba moja inayohudumia shule ikamwandikia Dzigbordi: mkataba wa mwaka mmoja, cedi 3,000 kwa mwezi, awafundishe walimu wa shule ishirini kutumia Glimo. Sharti lilikuwa jaribio. Wachezaji watano wasioona, kila mmoja na simu yake, nusu saa, bila msaada wa mtu. Wanne kati ya watano wafike mwisho.

Jumatano ya jaribio, Bi. Atswei Okpoti wa maktaba hiyo aliingia karakana ya viti na fomu mkononi. Ni mwanamke wa Accra, mpole, mwenye kupenda mambo yaende kwa saa. Alimpa kila mchezaji kiti chake, akaomba kimya. Dzigbordi alikaa pembeni mikono mapajani.

Hadithi ilikuwa ya Elikem, ya mwindaji anayerudi kijijini na ngozi ya chui. Dakika kumi zilipita na hakukusikika kitu ila vidole kwenye vioo. Dakika ya kumi na mbili mwindaji alifika mbele ya chifu, akapiga kifua kwamba chui yule amemuua peke yake.

Kodzo aling'oa hedifoni.

"Simamisha hapo! Siku hiyo nilikuwepo!"

Kwao hadithi husimuliwa hivyo. Msikilizaji akidai alikuwepo, msimulizi hufunga mdomo mpaka wimbo wake uishe.

"Ulikuwepo ukaona nini?" mchezaji mmoja, mwanamke aliyekaa dirishani, aliitikia, naye akachomoa hedifoni zake.

"Mbwa ndiye aliyeng'ata!" Kodzo akaimba. "Mwindaji alishika mkia tu!"

"Mkia tu!" wakaitikia wote watano. Viti vikageuka ngoma. Elikem, aliyeambiwa akae mlangoni asiseme neno, naye aliitikia.

Waliimba dakika nne nzima. Huko nyuma simu zilisoma mpaka mwisho wa ukurasa, zikangoja, zikajifunga. Walipozifungua, Glimo iliwarudisha wote mwanzo kabisa. "Umeamka alfajiri. Nje kuna ukungu," zikasema simu tano kwa pamoja.

"Nimeshaamka, mama!" Kodzo aliijibu yake. "Leo naamka mara ya pili!"

Nusu saa ilipokwisha, wawili tu walikuwa wamefika mwisho.

Bi. Atswei hakuwa na ubaya. Alimvuta Dzigbordi kando. "Dada, programu yako ni nzuri. Hawa wameniharibia kwa nyimbo. Mimi nipo Ho mpaka Ijumaa. Waambie wakae kimya nusu saa tu, turudie, na mimi najua itapita."

Dzigbordi aliomba alale nayo. Nyumbani mama yake alikuwa anasonga akple, akasikiliza habari yote bila kuacha mwiko.

"Nusu saa ya kimya," mama akasema. "Kwani wataumwa?"

"Hawataumwa, mama."

"Basi?"

Jibu lilimjia kitandani, anasema, na lilimtia aibu. Vitabu alivijulia bweni, hedifoni masikioni, ambako kucheka kwa sauti kulikuwa na adhabu. Glimo aliijenga kwa ajili ya msichana yule wa bweni. Lakini hadithi alizijulia Kpetoe, alikokulia, ambako hakuna mtu aliyewahi kusikiliza hadithi peke yake, wala ya kwake ikafika mwisho bila kukatwa.

"Nilikuwa namlaumu Elikem kwa picha zake," anasema. "Na mimi nimejenga chombo cha hadithi kisichojua watu wangu wanasikilizaje. Kosa lile lile, ila la kwangu."

Alfajiri alimpigia Bi. Atswei.

"Ijumaa sirudii. Nipe wiki tatu."

"Dada, kamati inakaa baada ya wiki mbili."

"Basi mbili."

"Ukianguka tena hakuna mara ya tatu. Unajua hivyo?"

"Najua, mama."

Wiki ya kwanza alijaribu kuifundisha simu iutambue wimbo na kusimama yenyewe. Ikawa inasimama kwa kila nyundo, kila jogoo, na kila Kodzo alipopiga chafya. Wiki ya pili akaachana na hilo, akatafuta jambo la mkono. Unalaza kiganja chote juu ya kioo, hadithi inanyamaza, na simu haijifungi hata ukiimba mpaka jioni. Ukilaza tena, inasema "Tulikuwa hapa," inarudia sentensi ya mwisho, halafu inaendelea. Na badala ya simu tano, simu moja katikati, spika wazi.

Jaribio la pili simu ilikaa juu ya kiti kilichosukwa nusu. Bi. Atswei alianza kuhesabu saa tatu kamili. Wimbo wa kwanza ulikuja dakika ya tisa. Kiganja, kimya, wimbo, kiganja. "Tulikuwa hapa," simu ikasema, na kweli walikuwa pale.

Walipofika mtoni, wawili walitaka kuvuka, wawili hawakutaka, na mwanamke wa dirishani aligoma kabisa kusema. Waliteta robo saa. Mwisho Kodzo akageuza uso upande ulikotoka mlio wa kalamu.

"Mama Accra! Wewe unavuka au huvuki?"

"Mimi? Mimi ni mkaguzi."

"Mkaguzi hana miguu? Tunakungoja wewe."

Kalamu ilinyamaza. "Haya," Bi. Atswei akasema. "Vukeni."

Wakavuka. Mamba akawala wote.

"Ametuua!" karakana ikalipuka. "Accra imetuua! Andika hiyo kwenye fomu yako, mama, andika muuaji ni nani!"

Bi. Atswei alicheka, anasema Elikem, mpaka akavua miwani. Walirudi ng'ambo ile ya mto na kuanza upya. Kufika mwisho kuliwachukua saa moja na dakika hamsini. Kwenye fomu, penye waliomaliza, aliandika: wote. Penye muda, aliandika ukweli.

Na muda ndio uliouma. Jibu la kamati lilifika Jumatatu. Shule nyingi kati ya zile ishirini zina vipindi vya dakika thelathini na tano, na ndani yake hakuna nafasi ya kusimama kuimba. Maktaba imezichukua sita tu, za bweni, zenye jioni ndefu. Malipo nayo yameshuka: cedi 1,400 kwa mwezi, chini ya anachopata sasa kwa kupokea simu.

"Ningewanyamazisha ile Ijumaa, leo ningekuwa na shule ishirini," Dzigbordi anasema. Hafichi kwamba linamuuma. "Mama ameshanihesabia. Ananihesabia kila chakula cha jioni."

Mkataba ameusaini hata hivyo. Kodzo amempangia kiti karakana kwa siku atakazokuwa mjini, ajifunze kusuka ajazie pengo, na ameapa hatamhurumia akikosea fundo. Elikem anaandika hadithi ya saba. Ndani yake kuna mkaguzi.

Shule ya kwanza iko njia ya Hohoe, na anaanza Jumatatu ijayo. Walimu wamemtumia ujumbe wakiuliza walete kompyuta ngapi siku ya kwanza. Amewajibu wasilete hata moja. Siku ya kwanza anataka kukaa na wanafunzi na kuwauliza kwao mtu akiikata hadithi anasemaje, maana si wote ni Waewe, na Glimo bado haijui desturi za wengine. Siku ya pili na ya tatu ndipo watafungua mashine.

"Kitu ninachokitaka ni kidogo," anasema. "Siku moja nifike shule nisiyoijua. Mtoto nisiyemjua alaze kiganja chake juu ya hadithi, aimbe wimbo ambao sijawahi kuusikia, kwa lugha ambayo siielewi. Mimi nitakaa zangu chini, nimngoje amalize."