Bomba la Moshi la Vyungu Saba

Nimeshastaafu ubunifu wa zana za kilimo mara mbili, na bado niko kidato cha tatu. Mara ya kwanza nilistaafishwa na kuku. Nilikuwa darasa la tano, nimechoka kukaa shambani kutwa nzima nikiwapigia kelele ndege wa mpunga, nikafunga makopo yenye kokoto kwenye kamba ndefu ili upepo wa ziwani ukija yalie yenyewe. Ndege waliyazoea siku ya pili. Kuku wa bibi hawakuyazoea. Walihama, wakaenda kutaga kwa jirani, na bibi akaniambia nichague kati ya uhandisi na chakula cha jioni.

Mara ya pili nilitengeneza jembe la kupalilia la gurudumu la baiskeli. Liling'oa mpunga vizuri sana na kuyaacha magugu yamesimama wima. Baba alilitazama shamba, akasema neno la Kinyakyusa ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu mama atasoma, kisha akaondoka na gurudumu lake.

Hayo mawili nayasimulia shuleni na watu wanacheka. Hili la tatu silisimulii shuleni. Safari hii nilikuwa nimeshika kokoa ya mama ya msimu mzima, na ya majirani wawili, na kidogo tu niiangushe ya kijiji kizima.

Ilikuwa mwezi wa nne, na mwezi wa nne kwetu Busale mvua hainyeshi, inakaa. Kokoa haitaki hivyo. Ukishapasua maganda unazivundika punje kwenye majani ya migomba siku sita hivi, halafu lazima uzianike zikauke, la sivyo zinaota ukungu mweupe. Na jua hakuna. Mama alikuwa anatandaza mkeka, jua linachungulia kama mtu anayedaiwa, mvua inarudi, mama anapiga kelele, sisi tunakimbia kuanua. Tungeweza kuiwakilisha nchi kwa mchezo wa kuanua. Wiki ya pili mama alimwaga beseni zima la punje zilizooza nyuma ya choo, akanyamaza hadi jioni. Mama akinyamaza mimi siwezi kufanya utani, na nisipofanya utani tumbo linaniuma.

Ndipo nikafikiria tanuri. Pipa limekatwa katikati, limelazwa, ndani pumba za mpunga. Pumba kwenye mashine ya kukoboa unapewa bure, wanakushukuru kwa kuziondoa. Juu ya pipa, bati la kutandazia kokoa. Kilichobaki ni bomba la kutolea moshi upande wa nyuma, na bomba la chuma sikuwa nalo wala sikuwa na mtu wa kumwomba, baba akiwa bado analikumbuka gurudumu lake.

Jumamosi nilitumwa kwa shangazi Matema, nikapita sokoni Lyulilo wakati mitumbwi inashusha vyungu. Nikaviona vimepangwa kimoja juu ya kingine, virefu kunizidi. Nikasimama pale kama mtu aliyeona malaika, kisha nikamwendea mama muuza vyungu.

"Mama, shikamoo. Naomba vyungu saba, vya saizi moja."

"Marahaba. Saba! Unaoa?"

"Hapana. Nataka kuvitoboa vitako."

Yule mama akaweka chini alichokuwa ameshika. "Rudia, mwanangu."

"Nitavitoboa chini, nivipange, vitoe moshi."

Akamgeukia mwenzake, akamweleza kwa Kikisi, na mwenzake akacheka hadi akakaa kwenye mchanga. "Chungu changu kimepika ndizi," muuzaji akaniambia, "kimepika samaki, kimepika maharage ya msiba. Moshi hakijawahi kupika." Lakini aliniuzia. Akaniongezea cha nane chenye ufa: "Hiki kimeshajitoboa chenyewe, nimekupunguzia kazi."

Nikavipanga nyuma ya pipa, nikaziba maungio kwa udongo wa mfinyanzi, nikawasha. Moshi ukapanda ukatokea juu kabisa, mweupe, umenyooka. Wadogo zangu walipiga makofi. Baada ya siku tatu mama alichota kokoa mkononi, akaitikisa sikioni.

"Zinalia," akasema. Kokoa iliyokauka inalia kama mahindi makavu. Akanitazama, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," mbele za watu. Mama yangu hashukuru ovyo. Nikajisikia mrefu kuliko bomba.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeishia kwa mama, lakini mimi mdomo wangu ni redio. Kesho yake alikuja mjane wa jirani na beseni lake, na baada yake mama mchungaji na mabeseni mawili. Nikawapokea wote kama daktari. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kokoa ndiye pekee aliyesimama uani akacheka: "Chama hakipokei kokoa iliyopikwa na watoto. Mimi naanika juani kama babu zangu." Nikamwambia shikamoo kwa sauti kubwa, na moyoni nikamwombea mvua.

Wasiwasi nilikuwa nao, sitaki kudanganya. Kila jioni nilikuwa nanusa punje, maana nilijua kokoa inavuta harufu kama godoro linavyovuta mkojo, na ikinuka moshi mnunuzi haitaki. Nilinusa mimi, akanusa mama, akanusa mjane. Hakuna kitu. Niliwanusisha hata wadogo zangu kwa zamu.

Jumatatu asubuhi magunia yalipelekwa kituoni, kwenye ghala la kikundi. Karani alipasua punje kadhaa kwa kisu, akatazama ndani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapima. Mchana lori lingekuja na mkaguzi wa wanunuzi, na akishaanza kukagua, kokoa ya kijiji chetu inahesabika kitu kimoja. Gunia moja likiwa baya, mzigo wote unawekwa pembeni, na mnada unaendelea bila sisi.

Mimi nikaenda shule na punje kumi mfukoni, ili nimwonyeshe Madam wa fizikia. Madam ametoka pwani, ana mwaka mmoja tu kwetu, anapikia gesi na bado analalamikia tope. Mapumziko ya saa nne nikamfuata.

"Madam, hii nimekausha kwa mtambo wangu mwenyewe. Uhamishaji joto, kama ulivyotufundisha."

Akafurahi. Akachukua punje moja, akaivunja, akaipeleka puani. Uso wake ukabadilika.

"Umeikausha pamoja na samaki?"

"Hapana, Madam."

"Mbona inanuka kama samaki wa kubanikwa?"

Nikacheka, nikidhani naye ananitania. Hakucheka. Nikanusa mimi: hakuna kitu. Nikamnusisha rafiki yangu: hakuna kitu. Madam akanivuta mkono wa shati, akaunusa. "Hata hii," akasema taratibu. "Shati lako linanuka hivyohivyo. Nyote darasani mnanuka hivyo, sikutaka kusema."

Nikaelewa. Sisi tumezaliwa jikoni. Tunalala moshi, tunakula moshi, sare zinakaukia juu ya mafiga. Kumwuliza mtu wa nyumbani kwetu kama kokoa inanuka moshi ni sawa na kumwuliza samaki kama ziwa limelowa. Udongo wangu kati ya vyungu ulikuwa umepasuka kwa joto, moshi ukavuja hadi kwenye bati la kokoa, na kijiji kizima kilinusa kikasema safi.

"Madam, magunia yako kituoni. Lori linakuja mchana."

"Basi kimbia ukawaambie wayatoe."

"Yamepangwa na mengine ukutani, Madam. Kama harufu imehamia mengine nitajuaje? Pua yangu ndiyo hii."

Madam akaenda kumwona mwalimu wa zamu, akarudi amebeba mwavuli. Tulipanda bodaboda mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, Madam nyuma na mwavuli umefunguka kinyume, tope linaturukia hadi masikioni. Siku nyingine ningefanya utani. Siku hiyo nilikuwa nahesabu: mama, mjane, mama mchungaji. Yupi nimwambie kwanza.

Kituoni watu walikuwa wamejikinga mvua barazani. Mama alikuwa amekaa na wenzake, amevaa kitenge chake cha kanisani. Akaniona.

"Gwe! Shule imefungwa?"

"Mama, kokoa yetu inanuka moshi."

Watu wakacheka. Wanavyonijua, walisubiri nimalizie. Mwenyekiti akasema, "Injinia ameanza." Nikarudia, na sauti yangu ikapasuka katikati kama ya darasa la pili. Hapo mama akasimama. Yeye ndiye anayejua sauti yangu ya uongo, na hakuisikia.

"Nani kasema?"

"Mimi, mama," akasema Madam. "Samahani sana. Naomba ninuse magunia."

Basi akapiga magoti. Mwalimu wa serikali, sketi yake ya bluu, akapiga magoti kwenye sakafu ya ghala akaanza kunusa gunia kwa gunia, na karani nyuma yake akiandika. Watu walijaa mlangoni. Gunia la kwanza, akatikisa kichwa. La pili, la tatu. La nne akasema, "Hili." Lilikuwa la mama. Mama alilishika kwenye pembe, akaanza kulivuta mwenyewe kuelekea nje, na nilipokwenda kumsaidia alinisukuma kwa kiwiko.

Ikaja la mjane. Likaja la mama mchungaji, na lake la pili. Mama mchungaji alisema, "Mbombo ngafu," kazi ni ngumu, kama alivyosema mazishini mwezi uliopita, kwa sauti ileile. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaomba yaishie hapo, maana nilikuwa nimeyahesabu, manne.

Madam akafika kwenye kona. "Na hili."

Karani akasoma alama, akasita. Lilikuwa la mwenyekiti.

"Madam, mafua hayo," mwenyekiti akasema. "Mimi nimeanika juani."

"Jua lipi?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka mlangoni, na kijiji kikaangua kicheko. Mke wa mwenyekiti akatazama paa. Nikakumbuka beseni ambalo mdogo wangu alisema limeletwa na mtoto fulani nikiwa shule, nikasema weka tu. Mwenyekiti alikuwa ameshika gunia lake, haliachii, na kwa mbali tukasikia lori linahangaika kwenye tope la daraja.

Ningeweza kucheka. Ilikuwa haki yangu. Lakini nilijua gunia lile lina nini ndani, kwa sababu mimi ndiye niliyelipika.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, kimyakimya safari hii. "Ni bomba langu. Nisamehe. Naomba nikubebee."

Mzee akaliachia.

Lori lilipoingia, magunia matano yalikuwa nje chini ya turubai, na mkaguzi aliingiza mkono, akanusa, akapasua, akanusa tena, kila gunia, na mimi kila anaponusa nilishika ukuta. Madam naye alikuwa amenishika bega, na vidole vyake vilikuwa vinabana. Mwisho mkaguzi akasaini. Kokoa ya kijiji ikapakiwa. Yetu ikabaki.

Tuliirudisha kwa toroli, mimi navuta, mama anasukuma. Baba alipoyaona magunia yanarudi aliyapokea, akayapanga barazani, akaniambia tu, "Kula kwanza." Afadhali angesema lile neno la Kinyakyusa.

Kesho yake kabla ya shule nilibomoa vyungu. Nilivipanga upya, nikaziba kwa udongo na jivu na nyuzi za mgomba ili usipasuke, nikawasha bila kokoa. Juu ya bati nikatandaza kitambaa cheupe kilicholoweshwa, leso mpya ya mama aliyokuwa hajaitoa kwenye plastiki, kikae saa nzima nione kama kitavuta harufu. Nilikuwa nakitoa pale mjane aliposimama uani, beseni kichwani, punje mbichi zimefunikwa kwa jani la mgomba. Zilikuwa zimemaliza siku za kuvundikwa. Zisipokaushwa leo au kesho, nazo zinaoza.

"Injinia, umeshaziba?"

Nilitamani angenitukana. "Sijui, mama. Sijajua bado."

"Nasubiri," akasema, akalitua beseni, akakaa kwenye gogo.

Nikatia kitambaa kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga fundo, nikakimbia hadi nyumbani kwa Madam. Alifungua mlango na mswaki mdomoni. Akasukutua kwanza, akafungua mfuko, akaingiza pua. Akaitoa. Akaiingiza tena, amefumba macho.

"Kidogo," akasema.

"Kidogo sana au kidogo?"

"Kidogo. Lakini ipo."

Nikarudi mbio. Mjane alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo. Nikamsaidia kujitwika beseni. Mvua ilikuwa inaanza tena, nyembamba, ile ya kukaa.

"Ziba vizuri," akaniambia, akiwa ameshageuka. "Nakuja jioni."