Stempu Bila Bahasha Yake

Niliondoka Tanga kwa sababu ya barua fupi sana. Iliandikwa na Kundaeli, muuza mitumba wa Kiboriloni, mjukuu wa Mama Anaeli wa Marangu. Alisema siku hizi njia zimefunguka na yeye huenda hadi Kampala kufuata bidhaa, na bibi yake amemwomba atafute kaburi la mjomba wake Anaeli, askari aliyefia Uganda baada ya vita vya Kagera. "Bibi anasema jina la mji lipo kwenye bahasha uliyoichukua, mwalimu. Tunaomba uilete."

Bahasha sikuwa nayo. Nilikuwa na stempu tu.

Nieleze, ingawa maelezo hayanisaidii. Miaka kumi na mitatu nyuma nilikuwa mwalimu Marangu, nimepanga chumba jirani na mama huyo. Hakujua kusoma, kwa hiyo barua za mwanawe nilimsomea mimi. Ile ya mwisho ilikuja wakati majeshi yetu yameshaingia Kampala na Anaeli amebaki huko kulinda amani. Ndani hakutaja alipo, maana askari walikatazwa. Nje, nyuma ya bahasha, aliandika anwani ya kujibiwa, na mhuri wa posta ulionyesha mji. Nilimsomea mama barua mara tatu, kisha nikamwomba bahasha. Akacheka. "Chukua, mwalimu. Maneno si yamo humu ndani ya barua?" Tulikubaliana tutajibu wiki ya pili, mavuno ya kahawa yakipungua. Kabla ya wiki hiyo zikaja habari kwamba Anaeli amefariki na amezikwa hukohuko, kaskazini. Kaskazini ya Uganda ni nchi nzima.

Nilichokitaka mimi kilikuwa kwenye kona ya bahasha. Nakusanya stempu za vita na siasa, zile ambazo serikali huzituma kusema maneno yake kwenye nyumba za watu bila kubisha hodi. Stempu ya Anaeli ilikuwa ya utawala uliopinduliwa, na juu yake washindi walikuwa wamepiga chapa ya Kiingereza: Uganda imekombolewa, 1979. Hawakuwa na muda wa kuchapisha mpya. Mbinu hiyo ni ya zamani. Waingereza walipowafukuza Wajerumani hapa kwetu, walichukua stempu za nchi jirani wakazigonga herufi tatu za kutangaza kwamba nchi imeshikwa. Kila mshindi ana haraka. Basi, baada ya habari hizo, nikailoweka bahasha kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, stempu ikabanduka yenyewe, nikaianika juu ya gazeti. Bahasha iliyolowa niliitupa jikoni. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa wakusanyaji: stempu safi, mgongo mweupe, takataka nje.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Tanga. Hadi Mombo nilijaribu kulikumbuka jina la mji ule. Nililisoma, hilo nina hakika. Macho yalipita juu yake, lakini yalikuwa na haraka ya kufika kwenye kona. Tulipofika Same abiria walishuka kunywa chai, mimi nikabaki kwenye kiti nikitaja miji ya Uganda mmojammoja, nikingoja mmoja wao unishtue. Hakuna ulionishtua. Mzee aliyekaa karibu nami akaniuliza kama nasali.

Saa tisa alasiri nilishuka Moshi na kuchukua gari hadi Kiboriloni. Siku ya soko, nguo za Wazungu zilikuwa zimetandikwa chini kila mahali, makoti mazito ya kuwauzia wapagazi wa mlimani. Kundaeli alikuwa amesimama juu ya robota akitangaza bei kwa sauti iliyokauka. Aliponiona akashuka na kuninawisha mikono kabla sijaketi, kijana mwenye adabu. Nikamwambia ukweli palepale, maana ningengoja chakula kingenikaba.

Aliitazama stempu niliyoiweka kiganjani.

"Huo mstari mweusi ni mhuri?"

"Ni ukingo wa mhuri. Herufi zilibaki kwenye bahasha."

"Kwa hiyo mwalimu, umetoka Tanga na mstari."

Nilisema naam. Aliniuliza kama naweza kukisia, nikasema siwezi. Akasema safari yake ya Kampala ni wiki ijayo, na alikuwa amepanga kuongeza siku tatu za kwenda huko kaskazini. "Sasa nianzie wapi? Nishike watu barabarani?"

Asubuhi ya pili tulipanda Marangu. Mlima ulikuwa umejifunika, kawaida yake ukiwa na mgeni wa shida. Njiani, kwenye mpaka wa shamba la mtu, niliona sale. Wasomaji wa pwani huenda hawaijui: ni mmea wa majani marefu ambao Wachagga huupanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekosa akilifunga jani lake fundo na kumpelekea aliyemkosea, msamaha haukataliwi. Nililijua hilo tangu nikiwa mwalimu. Nilichuma jani moja, nikalifunga. Nilijiona mwerevu, nakiri, na hata mwepesi miguuni.

Kundaeli aliniangalia. "Mwalimu, unajua unachobeba?"

"Najua."

"Sawa," alisema, akatangulia mbele kwenye njia ya migomba.

Mama Anaeli alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Amezeeka, amekuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, lakini macho yako palepale. Nikasema, "Shikamoo, mama." Alianza kuitikia, kisha akaona mkono wangu.

"Umekuja na sale," alisema. "Kwa hiyo bahasha haipo."

Nilikuwa nimetunga maneno tangu Tanga na sikutumia hata moja. Nilipiga magoti nikamsimulia bakuli, maji, gazeti, jiko. Alisikiliza huku vidole vikiendelea na maharage. Nilipomaliza akaomba kuiona hiyo stempu. Aliiweka juu ya ungo, mbali kidogo na macho.

"Wameandika nini?"

"Wameandika Uganda imekombolewa."

"Na Anaeli?"

Kundaeli alienda nyuma ya nyumba na nikamsikia akimsemesha ng'ombe. Nilimwambia mama aichukue stempu, ni yake, angalau abaki na kitu kilichopita mikononi mwa mwanawe. Akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Hii ulikuwa unaitaka wewe. Mimi nilikuwa nataka ile uliyotupa."

Kisha akanyoosha mkono akalipokea jani. Alilitazama fundo kwa muda, akalichomeka kwenye ukuta wa mbao juu ya mlango. "Nimekusamehe," alisema. "Inuka, utaumia magoti."

Nilishusha pumzi. Aibu gani, kushusha pumzi mbele yake! Alikwenda jikoni mwenyewe, akaniletea bakuli la mtori wa ndizi, akakaa akinitazama ninavyokula. Nilikuwa nusu ya bakuli aliposema, kwa sauti ileile ya kukaribisha mgeni:

"Ungekuja mikono mitupu ningekutukana, mwalimu. Ningelia hapa majirani wakaja. Ningekwambia vile nimekaa miaka yote hii nikijua mwanangu ana mahali, na mahali hapo pako salama kwa mwalimu Tanga. Halafu, baada ya siku nyingi, labda ningekusamehe. Lakini umeniletea sale. Siwezi kukutukana. Siwezi hata kulia juu yako."

"Mama, sikukusudia..."

"Ulikusudia. Ulitaka yaishe haraka. Yameisha. Kula."

Nikala. Mtori ulikuwa mtamu, na nilimaliza, kwa sababu kuacha kungekuwa tusi la pili.

Jioni tuliteremka. Kundaeli hakuniuliza kitu hadi Kiboriloni, akifungua robota lake.

"Amesemaje?"

"Amenisamehe."

"Ndiyo mila," alisema, na akaanza kukung'uta makoti.

Alinipigia simu posta ya Tanga wiki nne baadaye. Alikwenda Uganda, akazunguka miji miwili kwa kubahatisha, akaonyeshwa makaburi ya askari yasiyo na majina. Hakujua alie kwenye lipi. Akarudi na marobota.

Nimeona stempu nyingi zilizogongwa neno jipya juu ya sura ya zamani, na siku zote niliwacheka washindi kwa haraka yao. Katika safari hii nilijifunza kwamba mimi pia nina haraka hiyo. Mama yule alikuwa na hasira yake, haki yake, kitu pekee alichobakiwa nacho juu ya kifo cha mwanawe, nami nilipanda mlima nikamnyang'anya kwa jani moja. Watu wakiniuliza, nawaambia nilisamehewa siku ileile niliyofika. Wanasema nina bahati. Mimi najua kwamba mama hakupewa nafasi ya kuchagua, na kwamba hadi leo, huko Marangu, yupo mwanamke ambaye bado hajanisamehe.