Pijo ya Baba, Bila Baba

Mume wangu alikuwa hodari wa kupiga picha vitu vilivyokufa. Sisemi hivi kwa kumsifu. Kazini alipiga picha za mikutano na za wakubwa wakikata utepe, kwa kuwa ndiyo kazi iliyompa mshahara serikalini, lakini Jumamosi alitoka na kamera yake mwenyewe kwenda kutafuta magari mabovu. Hapa Dodoma, kuanzia Makole na Ipagala hadi kule Mkonze, popote gari lilipoegeshwa likasahauliwa, yeye alipajua. Kulikuwa na Landrova iliyomezwa na majani nyuma ya kanisa, lori lililokaa juu ya mawe mbele ya mashine ya kusaga, na Kombi moja iliyoanikwa nepi kila asubuhi. Alikuwa amepelekwa kozi nje ya nchi, akarudi na filamu za rangi nyeusi na nyeupe na neno moja tu, sanaa. Ukimuuliza lolote, jibu lake lilikuwa hilo.

Miaka ile magari ya namna hiyo hayakuwa haba. Enzi ya ruksa ilikuwa imeingia, biashara imefunguliwa, wenye uwezo walikuwa wanaleta magari ya mtumba kutoka Japani, na yale ya zamani yalikufa hapo hapo yalipokosa vipuri. Mashirika ya umma nayo yalikuwa yanafungwa. Baba yangu alikuwa dereva katika shirika mojawapo, na siku ya kuagwa hawakuwa na cha kumpa, wakampa gari alilokuwa akiliendesha, Pijo nyeupe ambayo injini yake ilikwishachoka kabla yake. Waliivuta kwa trekta hadi nyumbani kwetu Makole, wakaiacha mbele ya dirisha la jikoni. Haikuondoka tena.

Kila asubuhi baba alinywa uji, akavaa kofia, akaenda kukaa nyuma ya usukani. Alisikiliza redio humo, akasoma gazeti la juzi humo. Mama hakumhurumia hata kidogo. "Mwenzenu kasafiri," aliwaambia majirani kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Akirudi kutoka Singida nitampakulia." Majirani walicheka. Baba naye alicheka, kisha akapandisha kioo.

Jambo moja tu alilitaka, nalo tulilijua sote. Alitaka picha yake na gari lile. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameona mameneja wakipigwa picha wameegemea Pijo, naye akiambiwa asimame pembeni mpaka wamalize. Hakuwa na hata moja. Nilipoolewa na mpiga picha, baba aliniambia kwamba Mungu amemkumbuka. Kila tulipomtembelea alianza kwa mbali, akiuliza habari za kamera kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, mpaka afike kwenye shida yake. "Nitakuja, baba," mume wangu alijibu kila mara, na kila mara Jumamosi ilimkuta Ipagala na lori la mtu mwingine.

Halafu siku moja tulipita pale baada ya upepo mkali wa kiangazi. Vumbi lilikuwa limeifunika Pijo hadi vioo, kuku wanne wamelala kwenye boneti, na mama ameanika mlenda juu ya paa. Mume wangu alisimama. Nilimwona akikunja jicho moja, nikajua. "Baba," alisema, "Jumamosi ijayo naleta kamera."

Baba hakulala vizuri wiki ile, nilikuja kuambiwa. Mabomba ya Makole yalikuwa makavu, maji tuliyanunua kwa wenye mikokoteni, na mama aliyalinda madumu yake kwa macho makali. Alfajiri ya Jumamosi baba aliyachukua yale madumu, akaiosha Pijo kuanzia paa hadi rimu. Alisugua bampa kwa majivu. Aliwafukuza kuku, akatupa mlenda, akafuta dashibodi kwa fulana yake. Mama alipoamka akakuta hakuna maji ya chai, alimpa maneno ambayo sitayaandika hapa. Baba alijikaza kisabuni. Alivaa suti yake ya Kaunda, ambayo wakati huo ilikuwa inamning'inia mabegani, akasimama langoni kutusubiri.

Tulipofika, mume wangu alitoa shikamoo, akatazama nyuma ya baba, na uso ukamshuka.

"Baba, umeiosha."

"Nimeiosha, mkwe. Si unapiga picha?"

Mume wangu alizunguka gari mara moja. Lilikuwa linang'aa kweli, na baba alimfuata nyuma akimwonyesha bampa. Kisha mume wangu alichuchumaa, akachota vumbi kwa viganja vyote viwili. "Samahani baba," alisema kwa adabu kabisa, "ni sanaa." Akalimwaga juu ya boneti. Akachota tena, akarusha kwenye kioo, na pale palipokuwa bado na maji vumbi likawa tope. Alifanya hivyo bila haraka, akirudi nyuma mara kwa mara kuangalia kama limeenea.

Kwetu mkwe haambiwi neno zito. Baba alisimama mikono imelegea, huku mama akicheka dirishani. Mume wangu akaomba kuku warudishwe, na baba, na suti yake ya Kaunda, akaenda kuwakimbiza kuku, akawakamata mmoja mmoja na kuwaweka kwenye boneti aliyokuwa ameisugua tangu alfajiri. Damu ilinichemka, lakini nami nilikuwa nimefundwa nisimwinulie mume sauti mbele ya wazazi, nikashika mkoba wake wa lenzi.

Baada ya kuku, baba aliamini zamu yake imefika. Alienda kusimama kwenye mlango wa dereva, mkono mmoja juu ya paa, kifua mbele. Hivyo ndivyo mameneja walivyosimama.

"Baba, sogea kidogo. Unaziba gari."

Alisogea.

"Kidogo tena, baba."

Alisogea mpaka akafika kwenye ua wa jikoni, karibu na ndoo. "Yako tutapiga mwishoni," mume wangu alisema, jicho halitoki kwenye kamera. Baba alingoja mwisho huo akiwa amenyooka, vifungo vyote vimefungwa, jua la Dodoma likimchoma utosini kwa sababu alikuwa amevua kofia ili sura ionekane. Tukasikia kamera ikijirudishia filamu.

"Imekwisha, baba. Siku nyingine."

Picha ile ilimpa mume wangu sifa. Ilitundikwa katika ukumbi mmoja mjini, kubwa kama mlango, na chini yake aliandika Mzoga. Baba alikuja na suti ileile. Alisoma jina, akasoma tena midomo ikicheza. Mama mmoja wa ofisini, mwenye viatu virefu, alisimama karibu yetu akasema picha inamliza. Kisha akamwuliza mume wangu, "Na mwenye gari? Alishafariki?"

Mume wangu alicheka. Baba alikuwa amesimama ubavuni pake.

"Hapana," alisema. "Yupo yupo tu."

Baba alirudi Makole kwa miguu. Tangu siku ile hakukaa tena ndani ya Pijo. Alikaa kwenye kigoda, akiipa mgongo. Mara moja tu aliniita. "Mwambie mkwe, kama kuna kipande cha filamu kimebaki." Nilimwambia. Alinijibu kwamba filamu ni ghali, na kwamba baba anapenda makuu.

Baba alipofariki, tulitafuta picha ya kubebwa mbele ya jeneza. Hakukuwa na hata moja. Kitambulisho cha kazi walimnyang'anya siku ya kumuaga, na picha ya harusi yake ililiwa na mchwa zamani. Hapo ndipo mume wangu alipoona haya, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo. Alikwenda nyumbani akainua negativu zote dirishani, moja baada ya nyingine, Pijo, Pijo, Pijo. Katika moja, pembeni kabisa, alimpata baba. Kiwiko, mkono wa suti, na nusu ya ndoo. Aliikuza, akaitia fremu yenye utepe mweusi, akaileta msibani.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, yeye aliyemcheka mumewe miaka yote ile mbele ya mtaa mzima, kisha akamrudishia mkwewe.

"Tutamzika bila picha," alisema. "Alishazoea kusogea."

Jeneza likatolewa nje kwenda makaburini Mkonze, na waombolezaji waliokuwa wamekaa kwenye boneti ya Pijo wakainuka, wakasogea, baba apite.