Nimepunguziwa bei kwa kutikisa kichwa

Jamani, leo soko la Nagongera nimepunguziwa bei ya nyanya bila kufungua mdomo!

Mnajua hiki kizunguzungu changu. Daktari alisema shida iko ndani ya sikio, akanipa zoezi: kazia macho kitu kimoja, tikisa kichwa kushoto na kulia, macho yasibanduke.

Sasa leo sokoni dunia ikaanza kuzunguka. Nikashika nguzo ya kibanda, nikakazia macho fungu la nyanya, nikaanza kutikisa.

Mama muuzaji akapunguza bei.

Nikaendelea kutikisa. Akapunguza tena.

Mwishowe akachoka. "Dada, mimi napunguza, wewe unakataa. Unataka bure?"

Nilitaka kucheka, miguu ikagoma. Nikayumba.

Mteja mmoja nyuma yangu akasema, "Asubuhi yote hii ameshalewa!"

Maneno hayo nimeyazoea, lakini leo yaliniuma. Machozi yakanilengalenga.

Nikamwambia yule mama, "Sikatai bei, mama. Ni sikio linanisumbua. Hili ni zoezi la daktari."

Akanikalisha kwenye kiti chake. Akamwambia yule mteja, "Wewe, pita." Kisha akachukua nyanya moja, akaishika mbele ya uso wangu, mkono umetulia tuli.

"Haya, tikisa. Mimi nashika."

Nikatikisa mpaka soko zima likaacha kuzunguka.

(Wenzangu wa kizunguzungu, nyinyi mazoezi mnafanyia wapi?)

Nilipopata nguvu nikaomba zile nyanya kwa bei yake ya mwisho.

Akatikisa kichwa.

Na yeye masikio yake ni mazima kabisa.